Tone Nyuma ya Sikio

Saluni yangu iko Kadutu, juu ya ngazi za udongo:
kiti kimoja, kioo chenye ufa, beseni la bluu.
Mvua ikivuja tunasogeza kiti,
kazi inaendelea.

Jumamosi jioni akaingia Mwalimu Cirhuza, kofia mkononi,
kichwa cheupe kama kifutio cha ubao.
"Nsimire, Jumatatu saa mbili wanatuhesabu.
Mkaguzi ametoka Kinshasa na orodha,
na pensheni yetu unaijua, inafika baada ya maziko.
Nipunguzie miaka kumi."

Nikafungua kopo.
Unga mweupe, ila pembeni ulipoguswa na hewa
ulikuwa umeanza kuwa kahawia,
kama kiazi kilichomenywa kikasahauliwa.
Mwalimu akacheka.
Miaka thelathini na miwili amefundisha kemia
kwa chaki tu, bila chupa hata moja,
na leo dutu yenyewe imekaa mbele yake
kwenye kisahani cha chai.

"Parafenilendiamini," akasema polepole,
kama mtu anayetaja jina la mkwewe.
Akachora kwa kidole kwenye mvuke wa kioo
pete yenye pembe sita,
juu mkono wa amini, chini mkono wa amini.
"Ni chembe ndogo. Ndiyo maana inapenya unywele.
Ikikutana humo na maji ya oksijeni
inashikana na nyingine, zinanenepa,
na mlango zilioingilia hauzitoshi tena kutoka."
"Kama panya katika gunia la maharagwe," nikasema.
"Haswa! Ulikuwa wapi nikitafuta wanafunzi?"

Akaendelea, darasa limemrudia kooni:
ndugu zake wamo ndani ya tairi,
wanauzuia mpira usipasuke juani;
na kutokana nayo husokotwa uzi
wa zile fulana zinazokataa risasi,
wanazovaa wageni wakipita Nyawera, vioo vimefungwa.

"Na uzee, Mwalimu? Itaukataa?"

Alitazama kofia yake.

Nikamwonyesha mikono yangu.
Miaka sita nilipaka bila glavu.
Mwaka wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya.
Ngozi ina daftari la madeni, haisomi kwa sauti.
Siku ilipolisoma, vidole vilipasuka,
mwezi mzima sikusonga bugali.
M'Cibalonza wa Bagira alivimba, macho yakafungika:
harusi ya mwanawe aliihudhuria kwa masikio.
Na wako walioimeza. Koo hufunga,
figo hukataa kazi.
Kopo langu linalala ndani ya kufuli.

Ukutani, juu ya katoni ya sabuni, nimeandika:

*Tone nyuma ya sikio, siku mbili subiria,*
*Likiwasha ni kilio, usije ukarudia,*
*Rangi siyo kimbilio, kwa ngozi iliyolia,*
*Mwenye pupa, mwenye mbio, mlango nafungulia.*

Akaisoma yote. Akahesabu mizani kwa vidole, mwalimu ni mwalimu.
"Siku mbili sina," akasema.
"Uliwahi kupaka?"
"Ndevu. Mara mbili. Harusi ya Ntakwinja, na… ile nyingine."
Nikavaa glavu, nikakoroga kidogo,
nikamwekea tone.

Jumapili baada ya misa alirudi bila kubisha.
Aligeuza shingo tu.
Nyuma ya sikio paliwaka duara jekundu,
pana kama kifuniko cha limonadi.
Nikakunja taulo. Akanipa franka za usumbufu,
nikazirudisha mfukoni mwake, akazitoa tena,
tukashindana hivyo hadi mlangoni.

Jumatatu nilimwona akishuka kwenye matope,
karatasi zake ndani ya plastiki, chini ya koti,
kofia hakuvaa.
Sijui walimwandika upande gani wa orodha.

Na ile rangi niliyomkorogea
ilibaki kisahanini tangu Jumamosi usiku,
ikaiva peke yake,
nyeusi tii,
haina kichwa.